Umewahi kufungwa, kisha ukavuka mpaka kwa pikipiki? Tupeane uzoefu

Mwisho wa Reli (mleta mada)
Wakuu, heshima mbele. Uzi huu ni wa wale waliowahi kutiwa hatiani, wakamaliza adhabu yao, halafu wakavuka kwenda nchi ya watu na toyo zao. Kijiweni kwetu Mwanga, Kigoma, kila mtu ni hakimu. Huyu anasema ukishafungwa jina linaingia kwenye kompyuta ya mpakani na Tanzania hutoki mpaka kufa. Yule anasema Warundi hawana habari na wewe hata kidogo.

Mimi nilipigwa mvua mbili kwa bangi, nikapunguziwa theluthi kwa tabia njema, nikatokea gereza la Kwitanga nikiwa najua michikichi kuliko ninavyojua ndugu zangu. Sasa baba mdogo anaozesha binti kule Rumonge, Burundi, na mimi nataka kwenda na pikipiki yangu Boxer kupitia mpaka wa Manyovu. Aliyepita atuambie aliulizwa nini na alionyesha nini. Wa kuhubiri wasubiri Ijumaa na Jumapili.

Toyo la Kasulu
Mkuu, umenigusa. Kesi yangu ni ile ambayo bodaboda wengi wa huku wanaijua: kupakia abiria wasio na vibali. Usiku, wawili, wanakwenda Uvinza, nauli wamelipa bila kubishana. Ile ya kutobishana ndiyo ilitakiwa inishtue. Tulikamatwa kwenye kizuizi cha barabarani, pikipiki ikawa kielelezo, ikakaa kituoni mpaka majani yakaota kwenye rimu. Faini ilikula kiwanja cha familia.

Baadaye nilivuka Manyovu kwenda Mabanda kumwona dada. Dirisha la Uhamiaji waliuliza pasipoti, ninakokwenda, nitarudi lini. Kesi haikutajwa. Nikajisemea nimepita. Kumbe mtihani ulikuwa dirisha la pili, la chombo. Kadi ya pikipiki ilisoma jina la tajiri wangu, wakataka barua yake ya kuniruhusu kuitoa nje ya nchi, na nakala ya kitambulisho chake. Nikageuza hadi Kasulu. Niliporudi na barua, ofisa akapiga magoti kusoma namba ya injini na ya chesisi, akalinganisha na kadi moja moja. Hapo ndipo nilipofurahi kuwa nilitembea na nakala ya amri ya mahakama iliyoiachia pikipiki. Hakuiomba, lakini nilipoitoa mwenyewe alisoma, akanirudishia, akagonga muhuri.

Kwa hiyo mleta mada, usiwaze sana kuhusu wewe. Waza kuhusu Boxer.

Mwisho wa Reli
Boxer ni yangu, kadi ina jina langu. Je, hati ya dharura ya kusafiria inatosha au mpaka pasipoti kubwa?

Mama Mawese
Inatosha kwa Afrika Mashariki mwanangu, mimi naitumia mwaka hadi mwaka. Ni elfu 20, pasipoti ni laki na nusu. Kwa harusi ya Rumonge huhitaji kujipasua mfuko. Burundi iko kwenye jumuiya tangu 2007, viza hatulipi.

Sasa nisikilizeni na mimi, maana wanaume mnadhani toyo ni zenu. Naendesha mwenyewe, mzigo nafunga mwenyewe. Kesi yangu ilikuwa madumu ya petroli. Mnajua wenzetu ng'ambo wameteseka na mafuta miaka hii, watu wanapanga foleni siku nzima, na dumu likivuka tu bei inaruka. Nilikamatwa nayo nyuma ya kiti, nimeyafunika kitenge. Mahakama ikanitoza faini, madumu yakataifishwa, stakabadhi ya faini nimeipiga lamini kama cheti cha ndoa.

Tofauti na huyo wa Kasulu, mimi kosa langu linanifuata, ila linanifuatia mahali pake. Uhamiaji wananiita mama, wananiuliza hali ya watoto. Forodha wananipekua. Kila mzigo unafunguliwa, na siwalaumu, kosa langu lilikuwa la kiforodha. Nawaonyesha ile stakabadhi, nafungua kabla sijaambiwa, tunamaliza. Mwenye kesi ya bangi kama wewe ategemee begi lake kunuswa. Ukiudhika usoni unawapa sababu ya kuanza upya.

Jaza tenki Kigoma. Tenki tu. Dumu, hata tupu, liache nyumbani.

Jirani wa Kagunga
Mnajisumbua bure. Mpaka mrefu hivi, njia za panya kila kilima, nani atakuuliza kesi? Waha na Warundi lugha moja, unasema mwakeye unapita zako.

Mzee wa Kibirizi
Kijana, nimekuwa karani wa mahakama mkoa huu mpaka nikastaafu. Hao waliopita kilima bila muhuri niliwaandikia mafaili. Mtu alikuwa safi, kifungo amemaliza, hana deni na serikali, anakwenda kununua kesi mpya ugenini, na akifikishwa mbele ya hakimu yule kosa la zamani linamfanya aonekane mzoefu. Na lugha hiyohiyo unayojivunia ndiyo inamfanya mwenye kijiji ajue kwa neno la tatu kwamba wewe si wa pale.

Toyo la Kasulu
Shikamoo mzee. Hebu tufafanulie, maana wengi tunachanganya.

Mzee wa Kibirizi
Marahaba. Watu wanasema "nina kesi" kwa mambo ambayo hayafanani hata kidogo.

Katiba yetu, ibara ya 17, inampa raia uhuru wa kwenda atakako, kutoka nchini na kurudi. Lakini ibara hiyohiyo inaruhusu uhuru huo kubanwa ili hukumu au amri ya mahakama itekelezwe. Hapo ndipo pa kusoma mara mbili. Aliyemaliza kifungo au kulipa faini yake yote, hukumu imekwisha kazi. Aliye nje kwa dhamana hajahukumiwa bado, wengine wanajiona huru kuliko mfungwa, ilhali huyo ndiye amefungwa miguu: mahakama inaweza kumtaka asalimishe hati ya kusafiria na asitoke eneo lake. Anayetumikia adhabu ya huduma kwa jamii, ufagio wake bado uko zahanati, aende wapi? Aliye kwenye parole naye anatumikia kifungo, ila anakitumikia nyumbani kwa masharti. Nimeona mtu wa parole aliyevuka ziwa kwa msiba wa mama yake bila kuomba ruhusa. Ruhusa angeomba, huenda angepewa. Alirudi akamalizia ndani.

Upande wa pili ni mwingine. Itifaki ya Soko la Pamoja ya 2010 inampa raia wa jumuiya haki ya kuingia nchi mwanachama, lakini kila nchi imebakiza mlango wa kukataa mtu kwa sababu za usalama, utulivu au afya ya umma. Sheria yetu wenyewe ya Uhamiaji inawataja wageni waliowahi kufungwa miongoni mwa wanaoweza kuzuiwa. Kwa hiyo ofisa wa Mugina, upande wa Burundi, akikuuliza moja kwa moja, jibu ukweli kwa sentensi moja: kosa, mwaka, nimemaliza. Nakala ya hukumu iwe mfukoni. Asipouliza, usimsimulie.

Mnyamwezi wa Urambo
Mimi si wa Kigoma ila barabara ni moja: Urambo, Kaliua, daraja la Malagarasi, Uvinza, mpaka Kasulu. Nilikuwa nasita kuandika.

Niligonga mwendesha baiskeli jioni, akafariki. Nilifungwa, na hakimu akanifungia leseni kwa muda uliozidi kifungo. Nilipotoka, kila mtu alinipongeza nimemaliza. Kumbe nusu ya adhabu ilikuwa bado inatembea na mimi mfukoni. Shemeji yangu wa Nyanza-Lac, Burundi, aliniita nikachukue mashine ya kukamua mawese, pikipiki ipo, hati ya kusafiria ipo. Nilitaka kuondoka. Baba aliniuliza kitu kimoja tu: ukisimamishwa utatoa leseni gani? Nikaenda kwa basi, na mashine ikaja kwa lori.

Muda ulipoisha nikapata leseni yangu upya daraja A, ndipo nikavuka na pikipiki. Mpakani hawakugusa kesi. Wa Burundi alitaka leseni, kadi na bima. Nikampa kijitabu cha manjano cha chanjo. Akacheka. Kumbe anataka kadi ya njano ya bima ile ya COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, maana bima yetu ya kawaida inaishia getini. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini kwenye mpango wa kadi hiyo tumo, unakata kwa kampuni ya bima kabla ya kuondoka. Ya homa ya manjano nayo beba, ina dirisha lake.

Ukishavuka, kaa kulia. Ule mteremko wa kushukia ziwani, akili inalala kidogo tu unajikuta kushoto. Kwa mtu mwenye historia yangu, mara ya kwanza nilisimama kando nikanywa maji kwanza.

Mwisho wa Reli
Pole sana kaka. Umefanya vizuri kuandika.

Mtoto wa Nyarugusu
Salamu kutoka Buffalo, Marekani. Nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mnaonizungumzia Kasulu mnanipa hamu ya migebuka.

Niseme huku kulivyo ili mjue mnavyopendelewa. Nilikamatwa nikiendesha nimelewa, nikalipa faini, nikahudhuria madarasa, nikamaliza. Uraia nilishapata. Dada yuko Kanada, ng'ambo ya mto tu, daraja naliona. Kiangazi kimoja nikawasha pikipiki nikaenda. Ofisa wa Kanada akaskani pasipoti, akasoma skrini kimya, akaniuliza: umewahi kukamatwa? Alikuwa tayari anajua, mafaili ya polisi wa Marekani wanayaona palepale. Nikasema ndiyo. Nikaelekezwa ndani, mazungumzo marefu ya heshima, kisha nikageuzwa.

Huku kwetu wengi wanaliona kosa hilo kuwa dogo, lakini Kanada tangu Desemba 2018 adhabu yake ya juu ni miaka 10, kwa hiyo wanalihesabu kosa zito. Njia ni mbili: kuomba kibali cha muda chenye sababu ya maana, au kungoja miaka mitano tangu umalize adhabu yote, faini na masharti yake, ndipo uombe kutambuliwa kuwa umejirekebisha. Niko kwenye kungoja. Dada anavuka yeye.

Na fomu za viza za nchi hizi zinauliza kwa maandishi kama umewahi kukamatwa au kuhukumiwa. Uongo kwenye fomu unakaa kuliko kosa lenyewe.

Jirani wa Kagunga
Sawa, nimenyoosha mikono. Ila mimi sikufungwa, nilikuwa nasema tu.

Toyo la Kasulu
😂😂 Mleta mada, ukifika Bujumbura usiingie katikati na Boxer, Machi 2022 pikipiki zilipigwa marufuku mjini kati. Rumonge huna shida hiyo.

Mwisho wa Reli
Sifiki huko, naishia kwenye wali. Kesho naenda mahakamani kuomba nakala ya hukumu, halafu bima. Mzee, ile karatasi ya kuachiwa niliyopewa gerezani imelowa mvua, nusu haisomeki. Naanzia wapi?

Mzee wa Kibirizi
Palepale gerezani. Nenda na namba yako ya mfungwa, rejista inayo. Nenda asubuhi.

Mwisho wa Reli
Namba hiyo siwezi kuisahau. Nikirudi naleta mrejesho.

Mama Mawese
Na begi lifue kabla ya safari, mwanangu. Lifue kweli.