Altezza ya zamani: ni mambo gani yaliyojificha ambayo mwenye gari anaweza kuyashughulikia mwenyewe?

Mkazi wa Cheyo (Tabora)

Ndugu zangu, salaam. Miezi minne iliyopita nilinunua Toyota Altezza AS200 ya mwaka 2001, ile yenye injini ya 1G-FE ya silinda sita na gia otomatiki, kutoka kwa mtu aliyekuwa akihama Tabora. Ninafahamu kwamba wenye RS200, ile Altezza yenye nguvu zaidi, hawalihesabu gari langu kuwa la michezo kamili, lakini linasukumwa na magurudumu ya nyuma, limekaa chini, na kila ninapolitoa barabara ya Nzega alfajiri sioni sababu ya kumwonea mtu wivu.

Ninachoomba ni msaada wa kulielewa. Kila ninapowasha swichi, sauti ya mwanamke hutamka sentensi moja ya Kijapani, kisha hunyamaza. Karibu na goti la abiria wa mbele kuna mrija mwekundu uliobanwa kwenye kishikio, ambao wanangu wameuliza mara tatu ni wa nini nami sina jibu. Redio inakamata stesheni moja tu, na hiyo yenyewe kwa kukoroma. Tangu mvua zianze, kapeti la upande wa abiria linalowa hadi maji yanakamulika, ingawa vioo vyote hufungwa vizuri. Taa ya injini inawaka, na gari linakula mafuta kuliko nilivyoahidiwa. Gereji moja ya hapa mjini ilitaka kufumua dashibodi nzima kwa ajili ya hiyo sauti peke yake, nikaondoka.

La mwisho ni mkanda wa taimingi, ule wa mpira unaooanisha mizunguko ya injini. Aliyeniuzia alinionyesha kibandiko ndani ya boneti chenye maandishi ya Kijapani na tarakimu 22, 9 na 14, pamoja na kilomita 91,300, akasema mkanda ulibadilishwa mwaka 2022. Dashibodi sasa inasoma kilomita 168,000. Je, niamini?

Wa Mwandiga (Kigoma)

Kaka, karibu katika ukoo. Mimi ninaendesha RS200, na nilipitia karibu yote uliyoyataja, kwa hiyo nitaanza na hilo la mwisho kwa sababu ndilo linaloweza kukuacha porini.

Usiamini. Wajapani, katika karatasi na vibandiko vyao vingi, huandika mwaka kwa hesabu ya enzi ya mfalme. Enzi ya Heisei ilianza mwaka 1989, ambao ndio mwaka wa kwanza, kwa hiyo unachukua tarakimu ya kibandiko unajumlisha 1988: 22 inakuwa 2010. Hesabu hiyo ilikwenda hadi mwaka 2019, ilipoanza enzi ya Reiwa. Wao hutanguliza mwaka, kisha mwezi, kisha siku, hivyo mkanda wako ulifungwa tarehe 14 Septemba 2010. Hata bila hesabu hiyo, jiulize: gari lilikuwa wapi mwaka 2022? Kama lilikuwa tayari na namba za Tanzania, ni fundi gani wa hapa kwetu aliyeandika kibandiko kwa Kijapani? Kwa kilomita bado hujafika 100,000 za kuubadilisha tena, lakini mpira hauzeeki kwa kilomita peke yake, nao mkanda ukikatika gari linazimika palepale ulipo. Agiza mpya, pamoja na beringi zinazoukaza na sili za oili zilizo jirani, kwa sababu kazi ya kufungua ni ileile.

Huyo mwanamke anayekusemesha anakukumbusha kwamba hujaingiza kadi. Kile ni kifaa cha kulipia barabara za kulipia za Japani, nacho hakina kazi yoyote huku. Hakuna haja ya kufumua dashibodi. Tafuta kiboksi kidogo chenye mdomo wa kadi, ambacho mara nyingi hufichwa chini ya usukani au ndani ya kisanduku kilicho mbele ya abiria, fuata waya wake hadi kwenye soketi na uchomoe. Usikate waya. Kazi yangu ilichukua dakika kumi, nane kati ya hizo nikitafuta kurunzi.

Mrija mwekundu ni fataki ya dharura, ambayo sheria ya Japani inalazimisha kila gari liwe nayo. Ukiiwasha hutoa moto mwekundu mkali kwa dakika tano hivi, ili magari mengine yaone kwamba umekwama usiku. Muda wake wa matumizi ni miaka minne, kwa hiyo yako imekwisha muda zamani. Iondoe mahali ambapo watoto wanaifikia, na kamwe usiitupe kwenye moto wa taka. Weka pembetatu ya kuakisi mwanga katika buti badala yake.

Kuhusu redio, za Japani za miaka ile zinapokea masafa ya FM ya megahezi 76 hadi 90 tu, ilhali stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Kuna kifaa kidogo kinachoitwa ekspanda, kinachofungwa kati ya waya wa antena na redio, ambacho huteremsha masafa: kama kinateremsha kwa 16, stesheni ya 98 utaikuta kwenye 82. Lakini kwa bei za siku hizi ningenunua redio nyingine.

Fundi Umeme (Ng'ambo, Tabora)

Mwandiga amemaliza mengi. Mimi nizungumzie taa ya injini, kwa kuwa ndipo fedha nyingi zinapopotea. Chini ya dashibodi upande wa dereva kuna soketi ya matundu 16 katika safu mbili. Magari haya yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yanaweza kukuambia kosa lake yenyewe bila mashine yoyote. Swichi ikiwa imezimwa, chukua kipande kifupi cha waya na uunganishe tundu la 4 na la 13. Safu ya juu inahesabiwa 1 hadi 8, ya chini 9 hadi 16. Kwa hiyo unatafuta la nne juu, na la tano chini. Kisha washa swichi bila kupiga injini, uangalie taa ya injini.

Ikiwaka na kuzima kwa mwendo uleule bila kupumzika, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikiwaka mara mbili, ikapumzika kidogo, ikawaka mara mbili tena, hiyo ni 22, yaani kipima joto la maji ya injini. Mara nne kisha mara moja ni 41, yaani kipimo cha nafasi ya throto, ule mlango wa hewa inayoingia kwenye injini. Andika kwenye karatasi, usitegemee kichwa.

Mjumbe wa Urambo

Samahani fundi, lakini kumwambia mtu asiyejua umeme atie waya kwenye soketi ya kompyuta ya gari ni kumtafutia hasara. Siku hizi vipo visomeo vidogo vya bei nafuu vinavyounganishwa na simu. Kwa nini asinunue hicho?

Fundi Umeme (Ng'ambo, Tabora)

Tahadhari yako ni ya haki, na nilipaswa kuitanguliza: tundu la 16 lina umeme wa betri wakati wote, hata swichi ikiwa imezimwa, kwa hiyo asiyeweza kuhesabu matundu kwa utulivu aniletee gari tu. Kuhusu visomeo, nimewahi kuvinunua viwili. Mara nyingi vinakataa kuzungumza na magari ya Japani ya umri huu, kwa sababu umbo la soketi ni lile la kimataifa lakini lugha iliyomo ndani si hiyo. Mteja huona kisomeo hakisomi, akaambiwa kompyuta imekufa, akauziwa nyingine.

Nikiwa hapa, niongeze jambo moja kwa wenye gia otomatiki. Siku utakapokuta mkono wa gia hautoki kwenye P, usiite gari la kuvuta. Mwombe mtu asimame nyuma aangalie taa za breki unapokanyaga. Zisipowaka, kasoro iko kwenye fyuzi ya taa hizo au swichi ya kanyagio, kwa sababu mkono wa gia unasubiri ishara hiyohiyo. Pembeni ya mkono wa gia kuna kifuniko kidogo kilichoandikwa SHIFT LOCK. Weka breki ya mkono, kibandue kwa bisibisi bapa, bonyeza kilichomo ndani, na mkono utatoka. Nina mteja aliyelala Nzega kwa kutokujua hilo.

Mama Ujiji (Kigoma)

Mwanangu wa Cheyo, kwanza nikuulize: unaegesha chini ya mwembe? Mji wako na wangu yote ni ya miembe, na hilo kapeti lako nadhani limeloweshwa na kivuli unachokipenda.

Maji ya mvua yanayoteremka kwenye kioo cha mbele huingia katika mfereji ulio chini ya ile plastiki nyeusi ya waipa, kisha hutokea kwenye matundu ya pembeni na kushuka nyuma ya madigadi. Majani yakiziba matundu, mfereji unajaa kama beseni. Upande wa abiria ndipo feni ya ndani inapovutia hewa, kwa hiyo maji yakipanda yanaingia humo na kumwagikia kwenye kapeti. Fungua boneti, toa majani kwa mkono, kisha mimina maji kwa jagi taratibu uone kama yanatoka chini nyuma ya tairi la mbele. Kama kapeti lingekuwa linalowa siku za jua ukiwa umewasha kiyoyozi, ningekuambia ni mrija wa kiyoyozi ulioziba, lakini wewe umesema ni mvua.

Angalia pia shimo la tairi la spea. Mpira unaozunguka taa za nyuma hukakamaa kwa umri, na maji hupita hapo. Taa zenyewe, kwa taarifa yako, ndizo zilizofanya vijana wa Marekani waziite taa zote za kioo cheupe kwa jina la Altezza, hata zikifungwa kwenye gari jingine kabisa.

Mkazi wa Cheyo (Tabora)

Shikamoo mama, na ahsanteni nyote. Ninaegesha chini ya mwembe. Jumamosi nilitia mkono kwenye mfereji huo nikatoa majani meusi yaliyoshikana kama tumbaku iliyolowa, yakajaa ndoo ndogo. Nilipomimina maji yalikaa kwanza, kisha yakashuka kwa kishindo, na mvua ya juzi haikuacha hata tone ndani.

Taa ya injini ilinipa 22. Nilihesabu matundu mara nne kabla ya kugusa, kwa heshima ya Mjumbe wa Urambo. Soketi ya kile kipima joto ilikuwa na kutu ya kijani. Nimeisafisha, nikachomoa fyuzi ya EFI (ya mfumo wa kompyuta wa kuingiza mafuta) kwa dakika moja ili kosa lifutike, na hadi leo taa haijarudi. Matumizi ya mafuta nitayapima tanki hili likiisha. Mwanamke naye amenyamaza, ingawa mwanangu mdogo anamuulizia.

Mkanda nimeuagiza Dar es Salaam pamoja na beringi zake. Mpaka ufike, gari halitoki nje ya mji.

Wa Mwandiga (Kigoma)

Vizuri. Ukishafungwa, mwambie fundi aandike tarehe na kilomita kwenye kibandiko kipya, mwaka wote kwa tarakimu nne.