MJADALA: Kadi mbili za Alfu Lela zilizofutwa 2020. Haki, au kujikosha?

Mshumaa_Tanga (mwanzisha uzi)
Wakuu, salaam. Shemeji yangu wa Birmingham kahama nyumba, kaniachia kasha la viatu limejaa kadi za Magic: The Gathering. Nyingi ni za kawaida tu, ila kumi na moja zina alama ndogo ya jambia pembeni. Nimeambiwa hizo ni za Arabian Nights, toleo la kwanza la nyongeza la mchezo huo, Desemba 1993. Richard Garfield, mtunzi wake, kachukua Alfu Lela Ulela yetu, kaifanya mchezo wa mezani.

Moja inaitwa Stone-Throwing Devils, yaani mashetani warusha mawe. Juu ya plastiki yake shemeji kaandika kwa kalamu: "USIIPELEKE KLABU". Kumbe Juni 2020, katikati ya maandamano ya kupinga mauaji ya George Floyd, Wizards of the Coast, kampuni inayochapa mchezo huo, walizipiga marufuku kadi saba kwenye mashindano yote rasmi, na picha zake wakazitoa kwenye hifadhi yao ya mtandaoni. Mbili kati ya hizo saba ni za seti hii: hiyo yangu, na nyingine iitwayo Jihad.

Swali langu: walitenda haki? Mimi ni Muislamu, na kusema kweli sijui kama nikasirike au nicheke.

Bwana_Kete
Kwanza hiyo si jambia, ni kitara. Jambia ni fupi, linakaa kiunoni. Tuheshimu silaha.

Pili, walitenda haki, tena walichelewa. Kumbuka mwaka wenyewe. Intifadha ya kwanza imeanza 1987, dunia nzima imeona kwenye runinga vijana wa Kipalestina na mawe yao. Halafu 1993 unatoa seti ya Waarabu, unaweka humo "mashetani warusha mawe". Hata kama mtunzi hakukusudia, msomaji ataelewa nini?

Njugu_Mawe
Mtu wa Tanga anauliza habari za majini na mashetani kama vile hajui 😂 Mkuu, hayo si mko nayo hapo barabara ya kumi na tano?

MamaSwafiya
Assalaam aleikum wanangu. Mimi sichezi, ila kijana wangu yuko Toronto anazo tele, na nilipokwenda kumtembelea nikakaa nikazisoma moja moja.

Hao mashetani warusha mawe mimi wamenichekesha. Aliyehiji anajua: pale Mina sisi ndio tunaomrushia mawe shetani. Jamaa kageuza kibao, shetani ndiye anarusha! Ni ujinga tu, haunifikii moyoni.

Kilichonichoma ni kingine. Kuna kadi inaitwa Piety. Chini yake kuna maandishi ya mlalo, na hayo maandishi ni Qur'ani, Suratun Nur aya ya 52, imetajwa kwa namba. Kuna King Suleiman, naye kawekewa aya ya Suratul Anbiyaa, halafu Nabii mwenyewe kachorwa sura. Hizo kadi zinamwagwa mezani pembeni ya bia, zinaanguka chini, zinakanyagwa. Nimemwokotea mwanangu moja chini ya kochi. Hazikufutwa. Hata iitwayo Army of Allah haikufutwa. Wamefuta Jihad kwa kuwa neno limewaogopesha wao. Jihad ni neno. Aya ni aya.

Ndiyo maana nasema jambo hili watuachie wenyewe watu wa pwani, hadithi ni zetu. Hata kile Kisiwa cha Wak-Wak chenye kadi yake humo ni huku kwetu. Watu wa bara na Wazungu wao wakae pembeni.

Ngwana_Shy
Hapo mwisho, mama, umenigusa. "Watu wa bara na Wazungu wao"?

Alfu Lela Ulela niliyoisoma mimi shule ya msingi Shinyanga ni ile ya Brenn, iliyosahihishwa na Johnson, huyo huyo wa kamusi ya Kiswahili. Wameitoa kwenye Kiingereza. Na nyie Mombasa mmesoma hiyo hiyo. Imekuja kwa meli moja, ikashuka bandari moja, tofauti ni kwamba ya kwetu ilipanda na treni.

Pweza_Mkavu
Ngwana, usichanganye kitabu na hadithi. Johnson hajafika huku, bibi zetu wanasimulia Abunuwasi na Harun Rashid barazani. Askofu Steere kachapa hadithi za Waswahili wa Unguja mwaka 1870, na hakuja nazo kutoka London, kazikuta hapa.

Halafu nina lalamiko kwa Garfield: kadi 78 za Alfu Lela, yumo Aladini, yumo Ali Baba, yumo Sindbad, Abunuwasi hayumo! Hiyo ni seti gani?

Dk_Uchochoro
Wote mmekosea. Alfu Lela ilitungwa na Mfaransa. Nilisoma mahali.

Bwana_Kete
Ulisoma nusu, Daktari. Antoine Galland alitafsiri, kuanzia 1704, kutoka miswada ya Kiarabu. Ila Aladini na Ali Baba hawamo kwenye miswada hiyo. Alisimuliwa na Hanna Diyab, Msyria wa Halab, waliyekutana Paris 1709. Kwa hiyo hao wawili baba yao ni Mwarabu Mkristo, mkunga Mfaransa. Na Aladini mwenyewe hadithi inasema ni wa China.

Dk_Uchochoro
Ndiyo nilichosema. Mfaransa.

Akinyi_wa_Umoja
Nyinyi watu aki. Kuna kadi kwa hiyo seti inaitwa Shahrazad. Ukiicheza, mnasimamisha game, mnaanza game ingine ndogo ndani ya hiyo, na mwenye ameshindwa anarudi kwa ile kubwa akiwa amekatwa nusu ya maisha. Ilipigwa marufuku juu mechi zilikuwa haziishi. Sasa hapa tuko game ya ngapi ndani? Huyu wa Tanga aliuliza kitu kimoja tu.

Ngwana_Shy
Subiri Akinyi, sijamaliza. Hiyo Wak-Wak. Nani kasema ni pwani yenu?

Pweza_Mkavu
Al-Mas'udi, msafiri Mwarabu wa karne ya 10. Alisafiri mwenyewe kwa jahazi hadi Kanbalu. Kaandika kwamba nchi ya Wazanji, yaani watu weusi wa pwani hii, inaishia Sofala na Wakwak. Maji ya huku huku.

Ngwana_Shy
Sofala iko Msumbiji, kaka. Na wengine wanasema Wakwak ni Madagaska, wengine Sumatra, wengine wanaipeleka mpaka Japani. Kila aliyeshindwa kujua mahali aliandika "Wakwak". Halafu unajua masimulizi yanasema nini kuhusu huko? Kuna mti unazaa vichwa vya watu, vinaning'inia kama fenesi vikilia "wak wak". Hongera, nyie ndio matunda.

Pweza_Mkavu
Bora tunda la Wakwak kuliko mtu anayetafuta asili yake kwenye kamusi ya Johnson.

Ngwana_Shy
Sawa, tuongee kikubwa basi, kwa kuwa mnajivunia. Fungueni mwanzo kabisa wa hizo hadithi "zenu". Mfalme Shahriyar kawa katili kwa sababu gani? Kamkuta mkewe na nani bustanini? Na mtumwa mweusi, tena kaelezwa kwa maneno ambayo siwezi kuyaweka hapa watoto wanasoma. Mzanji kwenye Alfu Lela ni mtumwa au ni kioja. Garfield hilo hakuliweka kwenye kadi, na nadhani ni heri. Lakini mnaodai hati miliki, chukueni na ukurasa wa kwanza.

MamaSwafiya
Ngwana, mimi ni mtu mzima, nina wajukuu. Sikukutukana. Nilichosema kuhusu bara nimekosea mdomo, basi. Lakini babu yangu mzaa mama alikuwa Mnyasa aliyeletwa kwa minyororo, na hadithi hizi nimezisikia kwake yeye. Usinifundishe nani kaandikwaje.

Ngwana_Shy
Shikamoo mama. Kwa hilo nimenyamaza. Kwa Pweza bado.

Sheikh_Simu
Nyote mnazunguka mbuyu. Mchezo wenyewe ulikuwa kamari! Zamani kila mchezaji anaweka kadi moja dau, mshindi anaondoka nayo. Ndani ya seti hiyo hiyo kuna Jeweled Bird, imeandikwa kabisa: kama hamchezi kwa dau, itoe. Haramu ni haramu, ikiwa na aya au haina.

Njugu_Mawe
Sheikh, tangu lini umejua maandishi ya Jeweled Bird kwa moyo? 👀

Sheikh_Simu
Nilikuwa mwanafunzi Cardiff. Ni habari ndefu.

KasaNaKobe
Samahani wakuu, nimesoma uzi wote na hakuna aliyeuliza la maana. Mshumaa, hizo kadi nyingine kumi ni zipi? Juzám Djinn ipo? Library of Alexandria? Bazaar of Baghdad? Kaka, ukiwa nazo hujaachiwa kasha la viatu, umeachiwa kiwanja. Mwaka 1995 walichapa upya baadhi ya kadi za zamani kwenye Chronicles, bei zikaporomoka, wenye kadi wakalia. 1996 wakaweka orodha ya kadi ambazo hazitachapwa tena milele, na hizo tatu zimo.

Njugu_Mawe
Juzám ndiye jini wa kufugwa hasa! Limejaa nguvu tano kwa tano, ila kila zamu yako linakudonoa pointi moja wewe wewe uliyelileta. Huyo mchoraji kaishi Tanga.

Mshumaa_Tanga
Nimerudi. Nilikuwa kazini. Hivi mmefikaje Sumatra?

KasaNaKobe: hakuna Juzám, hakuna Library. Kuna Kird Ape wawili (nyani), kuna Dandân...

Pweza_Mkavu
Dandân! Samaki yule ambaye ukijipaka mafuta ya ini lake unatembea chini ya bahari bila kuzama. Kisa cha Abdallah mvuvi na Abdallah wa baharini. Wavuvi wa...

Ngwana_Shy
Usianze.

Mshumaa_Tanga
...kuna City of Brass moja imekunjika pembe, nyingine ndogo ndogo, na kuna moja nilitaka kuitupa kwa sababu ni Mountain tu, mlima, kama ile mingine hamsini ya kawaida humu kashani. Nadhani imechanganyika, ila nayo ina kitara pembeni.

KasaNaKobe
USIITUPE.

Bwana_Kete
Usiitupe! Mwanzoni seti hii ilikuwa iwe na mgongo wa rangi tofauti, ijitegemee, iwe na kadi zake za ardhi za kawaida, kama huo mlima. Dakika za mwisho wakabadili mawazo, mgongo ukabaki ule ule wa zamani, ndipo kikawekwa kitara ili zijulikane. Ardhi za kawaida zikaondolewa zote, huo mlima ukasahaulika kwenye karatasi ya uchapaji. Wenzake wanne, yaani zile ardhi nyingine za kawaida, hawapo duniani.

KasaNaKobe
Nipigie picha mbele na nyuma, kwenye mwanga wa dirisha, usitumie flash. Usiisugue. Nakuja PM.

Akinyi_wa_Umoja
Na hivyo ndivyo swali la haki limekufa, limezikwa chini ya mlima.

MamaSwafiya
Wanangu, naona mnauza na kununua, Mungu awape riziki. Lakini nilisema jambo moja juu huko na hakuna hata mmoja aliyelijibu. Sikuuliza Wak-Wak iko wapi. Niliuliza kuhusu aya.

Bwana_Kete
Mama, kweli. Mimi nadhani mwaka 1993 walidhani wanatoa heshima. Kadi nyingine za mwanzo walinukuu washairi wao, kwa hiyo...

MamaSwafiya
Mshairi hatiliwi udhu, baba.

Mshumaa_Tanga
Mama, Piety ninayo. Ni mojawapo ya zile kumi na moja. Nilikuwa sijasoma maandishi ya chini mpaka jana usiku uliposema. Sikujua niifanyeje: kuiuza siwezi, kuichoma naogopa, kuirudisha kwenye kasha la viatu imenishinda. Nimeiweka juu ya kabati, pembeni ya msahafu. Sasa mke wangu ananiuliza kadi ya kamari inafanya nini pale juu, na hata kumjibu sijui nianzie wapi.