Tasnifu zimefungiwa kabatini hapa Tanga, halafu mkutubi ndiye anayetakiwa kujieleza kwa nini wanafunzi wananakili

Ndugu zangu, nimefanya kazi ya ukutubi katika chuo kimoja cha hapa Tanga kwa miaka kumi na moja, na katika muda wote huo sikuwahi kuanika mambo ya kazini hadharani. Chuo sitakitaja wala mtu sitamtaja, kwa kuwa nina watoto wanaosoma na mshahara ninaoutegemea. Lakini Jumanne iliyopita idara yetu ya maktaba ilikabidhiwa barua ya kutakiwa kujieleza, ndani ya siku saba, kwa nini wizi wa maandishi umeongezeka miongoni mwa wanafunzi, na barua hiyo imenishinda kuimeza.

Nianze na kabati. Ni la chuma, la rangi ya kijivu, lina milango miwili, na limesimama katika chumba cha nyuma ya ofisi inayoshughulikia tafiti. Ndani yake zimo tasnifu zote za uzamili zilizowahi kuwasilishwa chuoni kwetu, kila moja katika jalada gumu jeusi lenye maandishi ya dhahabu, na nyuma ya jalada imebandikwa bahasha yenye sidii. Gharama ya majalada hayo anailipa mwanafunzi mwenyewe. Ukitaka kuisoma mojawapo, unatakiwa uje na barua ya mkuu wa idara yako, usomee humohumo chumbani, simu uiache mezani, na usipige picha hata ukurasa mmoja. Mwaka jana mtafiti mmoja aliyeko Unguja aliandika barua pepe kwa adabu zote akiomba sura moja tu, akajibiwa kwamba afike mwenyewe na kitambulisho chake. Avuke bahari kwa ajili ya kurasa ishirini na sita!

Hewa ya Tanga mnaijua. Chumba hicho hakina kiyoyozi, dirisha lake linatazama upande wa baharini, na unyevunyevu ukiingia humo hauna pa kutokea. Mara ya mwisho nilipopata ruhusa ya kulifungua kabati, majalada ya rafu ya chini yalikuwa yameota ukungu mweupe, kurasa zimeshikana, na katika sidii kumi nilizozitia kwenye kompyuta nne hazikusomeka kabisa. Niliandika taarifa ya kurasa mbili. Nilijibiwa kwa mdomo kwamba suala langu limepokelewa.

Sasa niwaeleze kwa nini jambo hili si la karatasi tu. Mwezi wa tano alinijia mwanafunzi mmoja wa uzamili, kijana mtulivu anayekuja chuoni kwa baiskeli kutoka Makorora, akiwa ametoka kukusanya data za uvunaji wa pweza katika kijiji kimoja cha wavuvi upande wa Mkinga. Aliketi mbele yangu bila kufungua daftari lake. "Dada," akaniambia, "nimeaibika." Alikuwa amekwenda kwa mzee mmoja anayesifika kwa kuijua miamba, akamwamkia, akaanza kumsomea maswali yake moja baada ya jingine: maji yakiwa bamvua anashuka mwambani mara ngapi, pweza wa ukubwa gani anamwacha, anamuuzia nani, kwa bei gani. Mzee alijibu mpaka swali la sita, ndipo naye akauliza lake: "Mwanangu, haya niliyajibu mwaka juzi, na mwaka wa nyuma yake niliyajibu pia. Wale wenzio hawakuandika?"

Waliandika. Tasnifu ya kwanza niliipiga muhuri mimi mwenyewe, na ya pili aliipokea mwenzangu wa zamu ya jioni. Zote mbili zimo katika kabati lile, rafu ya tatu, na ndani yake mna majedwali ya uzito wa pweza mwezi kwa mwezi, vitu ambavyo kijana huyu angeanzia hapo akaenda kijijini na maswali mapya, badala ya kutumia wiki tatu na nauli ya kukopa kuokota upya kilichokwisha kuokotwa. Msimamizi wake hakumwambia kwa sababu naye hakujua. Angejuaje, ikiwa hata katalogi ya maktaba haina majina ya kazi hizo, kwa hoja kwamba zinasimamiwa na ofisi nyingine?

Aliyesoma shule za Tanga amesimuliwa kwamba mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na pengine ameambiwa hata kwamba katika miche iliyosafirishwa ni 62 tu iliyofika ikiwa hai. Hesabu hiyo ya miche ya zaidi ya miaka 130 iliyopita tunaijua kwa sababu iliandikwa, na maandishi yake yakaachwa mahali panaposomeka. Uzito wa pweza wa mwaka juzi, uliopimwa na kijana wetu kwa mizani ya kuazima, hatuujui.

Dawa ya jambo hili wala si ngeni. Mwaka 2002 ulitolewa mwito wa Budapest, uliotaka maandiko ya kitaaluma yasomwe bure mtandaoni, na ukaonyesha njia mbili: majarida yenyewe kuwa huria, na waandishi kuweka nakala za kazi zao katika hazina za kidijitali zilizo wazi kwa kila msomaji. Mwaka huohuo chuo cha MIT cha Marekani kwa kushirikiana na kampuni ya Hewlett-Packard walitoa DSpace, programu ya kuendeshea hazina za namna hiyo, ambayo mpaka leo haiuzwi: unaipakua, unaisimika, unaitumia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanayo hazina yao, Sokoine wanayo, Muhimbili wanayo, na Chuo Kikuu Huria wanayo. Mtu aliyeko Lushoto mwenye simu yenye bando anafungua tasnifu ya Morogoro kabla chai yake haijapoa. Ya Tanga, akiwa Tanga, haipati.

Na msidhani kwamba tumekosa vifaa. Seva ilinunuliwa. Ipo katika chumba cha TEHAMA, imefunikwa kitambaa cha meza chenye maua, na juu ya kitambaa pamewekwa birika la umeme na kopo la sukari. Mimi na mwenzangu mmoja tulijifunza kuisimika DSpace kwa jioni zetu wenyewe, tukaingiza tasnifu arobaini na tatu za majaribio, tukaandika kwa kila moja jina la mwandishi, la msimamizi, mwaka, ikisiri, na maneno ya mada kwa Kiswahili na Kiingereza ili mtu wa Pangani anayetafuta "mikoko" aipate sawasawa na anayetafuta kwa lugha nyingine. Ilifanya kazi kwa majuma matatu. Kisha likaja agizo la kuizima mpaka kamati ikae, na hadi leo kamati haijakaa.

Hoja waliyotupa ni ya kwanza kuonewa huruma na ya mwisho kuaminiwa: ati kazi zikiwekwa wazi zitaibwa. Nimeshika tasnifu mbili kwa mikono yangu, zilizopishana miaka minne, zenye sura ya tatu ileile neno kwa neno, na zote mbili zimeandika "Pagani" badala ya Pangani katika aya ileile. Wizi huo ulifanyikia ndani ya kabati, chini ya kufuli. Programu za kupima ulinganifu wa maandishi hulinganisha kazi mpya na zile inazoweza kuzifikia. Kazi iliyofungiwa katika chuma haiwezi kufikiwa, kwa hiyo anayeinakili anapita akiwa msafi kama aliyetoka kuoga. Kazi ikiwa wazi, yenye tarehe na jina la mwenyewe, mwizi wake anakamatwa na mtu yeyote mwenye dakika tano.

Hoja ya pili ni kwamba tasnifu ni mali ya chuo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mwandishi kuwa mwenye haki wa kwanza, na mwanafunzi si mwajiriwa wa chuo hata kazi yake ihesabiwe ya mwajiri. Tunachohitaji ni fomu ya ukurasa mmoja ambayo mwanafunzi anaitia saini siku ya kuwasilisha, akikiruhusu chuo kuhifadhi na kuonyesha kazi yake huku haki ikibaki kwake, na anayetaka kwanza kuchapa makala au kitabu anaomba zuio la mwaka mmoja au miwili, tunaificha matini na kuonyesha ikisiri tu. Fomu hiyo niliiandaa. Makala za wahadhiri nazo zina utaratibu wake: wachapishaji wengi huruhusu mwandishi aweke toleo lililokubaliwa kabla ya kupangwa kurasa, na masharti ya kila jarida yanaangaliwa bure mtandaoni katika Open Policy Finder, iliyokuwa ikiitwa Sherpa Romeo. Kuyaangalia hayo ndiyo kazi ya mkutubi, nami nilisomea kazi hiyo.

Nirudi kwenye barua ya kujieleza. Inasema maktaba "haijawajengea wanafunzi uwezo wa kutafuta na kutumia taarifa". Tumepewa muda gani wa kuujenga? Saa moja kwa mwaka, katika wiki ya usajili, ndani ya ukumbi wenye watu mia tatu na kipaza sauti kinachokoroma, baada ya maelezo ya Bodi ya Mikopo na kabla ya maelezo ya bima ya afya, wakati ambapo nusu ya ukumbi imeshatoka kwenda kutafuta chumba cha kupanga. Kwa miaka mitano mfululizo nimeomba kipindi chenye alama, kiingizwe katika somo la mbinu za utafiti, wanafunzi thelathini thelathini, kila mmoja mbele ya kompyuta. Kila mwaka naambiwa ratiba imejaa.

Matokeo yake nayaona mezani kwangu. Juzi binti mmoja wa mwaka wa tatu alikuja na orodha ya marejeo kumi na manne akiniomba nimsaidie kuyapata, kwa sababu msimamizi alitaka kuyaona. Tulikaa naye asubuhi nzima. Tisa hayakuwapo duniani. Jarida lipo, mwaka upo, juzuu ipo, lakini ukifungua ukurasa wenyewe unakuta makala ya minyoo ya mbuzi. Alikuwa ameiuliza programu ya akili unde kwenye simu, nayo ikamtungia. Hakuwa mwongo binti yule. Alishangaa kuliko mimi, na alipoonyeshwa namna ya kutafuta katika DOAJ, orodha ya majarida huria inayoendeshwa tangu mwaka 2003, alipata makala sita za kweli kabla ya adhana ya adhuhuri. Alichokosa ni asubuhi moja ya kufundishwa.

Wengine hawafiki hata kwangu. Wanakwenda steshenari za mjini, ambako kazi ya utafiti inaandikwa kuanzia dibaji mpaka viambatisho kwa laki mbili na kushuka, kutegemea unavyojua kupatana. Kazi hizo zinarudi chuoni, zinapewa alama, zinajaladiwa kwa dhahabu na kuingia kabatini.

Kuhusu nywila sitasema mengi. Taasisi za Tanzania zina haki ya kuingia bila malipo katika mikusanyo ya majarida na vitabu vya kitaaluma ya mpango wa Research4Life, ukiwamo Hinari wa mambo ya afya ulioanza mwaka 2002. Nywila ya chuo chetu ilibadilishwa na mtumishi aliyekwisha kuhama, na barua yangu ya kuomba ifuatiliwe ina miezi minane.

Nilipoandika barua ya tatu juu ya seva, nilihamishiwa mlangoni. Kwa sasa, mimi mwenye shahada ya uzamili ya ukutubi, napokea mabegi ya wanafunzi na kuwapa vibao vya mbao vyenye namba. Sidharau kazi hiyo, na aliyekuwa akiifanya kabla yangu ni mtu mzima ninayemheshimu, ambaye sasa amewekwa dawati la marejeo na ananifuata mlangoni kila mara akiulizwa swali. Hapo ndipo tunapowafundishia wanafunzi siku hizi, kati ya mabegi, wakiwa wamesimama.

Kwa hiyo barua ya kujieleza nitaijibu, na haya niliyoyaandika hapa ndiyo nitakayoyaandika huko, kwa maneno ya kiofisi zaidi. Wenzangu mlioko vyuo vingine, hasa mliofanikiwa kuwashawishi wakuu wenu waruhusu hazina iwashwe, naomba mniambie mlipitia kikao gani na nani alitia saini, kwa sababu nahitaji mfano wa kuambatisha. Nilitaka pia kuambatisha nakala za kurasa za "Pagani" kama ushahidi, na leo mchana nimekwenda ofisini kuomba kabati lifunguliwe. Nimeambiwa ufunguo uko Dodoma, kwenye begi la mhusika, naye atarudi semina itakapokwisha.