Nguruwe hawali kwa joto la Tanga ila nyama imejaa mafuta, inakuwaje?

mfugaji_pongwe
Wadau habari zenu. Nina nguruwe 11 huku Pongwe, banda la bati. Tangu kaskazi ikolee hii Januari, ikifika saa tano wote chini, midomo wazi, wanahema kama wamekimbizwa, chakula cha mchana wananusa tu wanageuka. Kilo hazipandi, hilo naelewa, asiyekula hanenepi. Kinachonichanganya ni jana, nimechinja mmoja jamaa wa kitimoto akapasua mgongo, mafuta unene wa vidole viwili steki yenyewe kiduchu, akanikata bei hapohapo. Sasa mnyama asiyekula mafuta anayatoa wapi?? Au ndo pumba za siku hizi

bwanamifugo_mstaafu
Kijana usisingizie pumba kwanza. Nguruwe hana jasho la kumpoza, tezi zake za jasho karibu zote hazifanyi kazi, amebaki na kuhema na matope basi. Wa kunenepesha anataka nyuzi 18 mpaka 25 hivi, we una 32 na unyevu wa bahari juu yake. Na kusaga chakula kwenyewe kunaongeza joto tumboni, ndo maana anagoma kula, anazima jiko.

Sasa mafuta. Mnyama mwenye njaa ya kawaida insulini, ile homoni inayosimamia sukari mwilini, inashuka, anayeyusha mafuta yake anayatumia. Wa kwenye joto hali, lakini insulini inapanda, na insulini inayafungia mafuta yasitoke. Mwili unachoma sukari, mafuta yanakaa stoo, msuli ndo haujengwi. Kina Lance Baumgard wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, Marekani, walilinganisha nguruwe wa kwenye joto na wenzao wa kwenye ubaridi waliopimiwa chakula kidogo kilekile, wa baridi wakayeyusha mafuta, wa joto wakayang'ang'ania. Kwa hiyo sio njaa peke yake.

Halafu utumbo. Damu inakimbilia kwenye ngozi kutoa joto, utumbo unabaki na damu chache, ukuta wake unalegea, sumu za bakteria zinapenya, kinga ya mwili inaamka na yenyewe inakula sukari kweli kweli. Hata hicho kidogo alichokula kinaishia huko.

mama_wawili_muheza
Mi yalinikuta kwa jike anayenyonyesha, watoto 9, maziwa yakakata wakabaki mifupa, nililia jamani. Siku hizi nalisha saa kumi na moja alfajiri na saa moja usiku, mchana maji tu na yawe ya baridi, juu ya bati nimetandika makuti. Pumba nimepunguza, mahindi nimeongeza na mafuta ya kula kidogo sana.

mfugaji_pongwe
Dada mafuta tena? Si ndo ugomvi wangu na yule bwana wa kitimoto 😂

bwanamifugo_mstaafu
Yuko sahihi huyo mama. Mafuta ya kwenye chakula yanasagika bila kuzalisha joto jingi, pumba zenye nyuzinyuzi na mashudu yakizidi ndo yanamchemsha mnyama. Ila kidogo, sio chupa nzima!

kusi_mwambao
Nawakumbusha kimoja, msiseme kila asiyekula ni joto. Mpime joto la mwili alfajiri banda limepoa. Akiwa nyuzi 39 na kitu, sawa. Akisoma 41, usiku pia hali, masikio yamekuwa mekundu au ya zambarau, hiyo yaweza kuwa homa ya nguruwe na haina dawa, usimuuze wala usimhamishe, ita daktari wa mifugo. Pia kumwagia maji kwenye banda lisilo na upepo huku Tanga ni kuwapika kwa mvuke, hewa yetu imeshalowa tayari. Banda lako upepo unaingilia wapi?

mfugaji_pongwe
Nimetoka kuangalia mkuu. Upande wa baharini ndo ule niliouziba tofali mpaka juu, majirani walikuwa wanalalamika harufu na mi sikutaka maneno. Asubuhi nimepima watatu, wote 39 na kidogo. Kesho fundi anakuja kutoboa.

mama_wawili_muheza
Ongea na majirani kwanza kaka, fundi aje keshokutwa.