Mama ana saratani ya matiti, shangazi anataka aache dripu anywe majani ya mstafeli

KitindaMimba: Wakuu, naombeni ushauri. Mama anaendelea na kemo (dripu ya dawa za kuua saratani), lakini nywele zimeisha na vidole vinakufa ganzi. Shangazi katumiwa ujumbe WhatsApp kuwa mstafeli unaua saratani mara 10,000 kuliko kemo. Anamsihi mama aache hospitali, na mama ameanza kulegea. Nimwambie nini?

Mfamasia wa Mbagala: Pole sana ndugu yangu. Hiyo 10,000 ina chanzo, ila imepotoshwa. Mwaka 1996 watafiti walitenga kemikali kwenye mbegu za stafeli, si majani, wakaimwagia seli za saratani ya utumbo mpana zilizokuzwa maabara. Hakuna mgonjwa aliyeinywa. Kisahani cha maabara hakina ini, figo wala mishipa ya fahamu, na kuua seli humo ni rahisi mno.

Tena mstafeli una annonasini, inayodhuru seli za fahamu. Kisiwani Guadeloupe, wanaotumia sana tunda na chai ya majani yake wamehusishwa na maradhi yanayofanana na Parkinson (ugonjwa wa fahamu unaoleta kutetemeka). Mama tayari ana ganzi! Mwulize daktari kama dripu yake ni paklitakseli, moja ya dawa za kemo. Ikiwa ndiyo, basi anatibiwa kwa mti: ilipatikana kwenye magome ya Taxus brevifolia yaliyokusanywa Marekani mwaka 1962, ikaidhinishwa 1992. Miaka 30 yote ya utafiti na majaribio kabla ya kuruhusiwa.

Mzee wa Kwale: Huku kwetu Shimba Hills, mwaka 1976 zilivunwa zaidi ya tani 27 za mmea uitwao Maytenus buchananii kwa ajili ya watafiti wa Marekani. Kemikali yake ilisifika maabara, kwa wagonjwa ikawa sumu kali, wakaiacha. Kemikali ya jamii hiyo ilirudi 2013, imefungwa kwenye kingamwili inayoipeleka kwenye seli za saratani ya matiti aina ya HER2. Si kwamba walichemsha mti wenyewe.

Sauda_T: Dada, usigombane na shangazi mbele ya mgonjwa, anampenda wifi yake. Ila ganzi itajeni kliniki mapema, daktari anaweza kupunguza dozi. Na kama mama ameshaanza kunywa majani, msifiche.

KitindaMimba: Ameshakunywa kikombe asubuhi. Jumanne tuna kliniki, nakwenda na shangazi amwulize daktari mwenyewe. Asanteni sana.