Ndizi moja inakupandisha mpaka wapi?

Wakuu, ndizi ina kama kalori 100, sasa mtu wa kilo 70 akipanda ngazi mita 3 nishati tuli (ile ya kuwa juu) inaongezeka joule 2,060 hivi, ina maana ndizi moja inampandisha mita 600?? Mbona haingii akilini

— Hesabu iko poa, umekumbuka kalori ya chakula ni joule 4,184, wengi wanachemka hapo. Ila misuli inageuza robo tu kuwa kazi, iliyobaki ni joto, ndo maana jasho linakutoka. Weka mita 150

— Na hapo hujatoa ya moyo na ubongo

Akishuka je, anarudishiwa?

— Haha wapi! Misuli inapiga breki, yote inaishia joto