Mgeni anataka kushuka Margherita, kilele cha juu cha Rwenzori, kwa ski (mbao za kutelezea kwenye theluji), peke yake. Nimjibu nini?

SafariKasese: Habari zenu wakuu. Nina mgeni anayekuja Rwenzori, Uganda, mwezi Januari, njia inayoanzia kijiji cha Nyakalengija. Sasa ameandika kwamba atabeba ski zake, na kwamba tukifika kibanda cha Elena, cha mwisho kabla ya kilele, mwongozaji abaki hapo, yeye apande Margherita peke yake usiku na kuteleza hadi chini. Anasema kwao Ulaya amezoea makorongo ya theluji yenye mwinamo wa nyuzi 45. Nipeni sababu za kitaalamu, maana mtu wa aina hii ukimwambia "hairuhusiwi" tu hakuelewi.

Gambuti_na_Matope: Hilo la ruhusa ni fupi: ndani ya hifadhi hakuna kutembea bila mwongozaji, iwe kwenye kinamasi cha Bigo iwe kileleni. Limalize kwa sentensi moja.

Sababu yenyewe ni barafu. Anachokijua yeye ni theluji ya majira ya baridi, inayorundikana miezi kadhaa na kushikana tabaka kwa tabaka. Kwetu hakuna majira hayo. Theluji huanguka mwezi wowote, ikiwa na maji mengi, mchana inalainika, usiku inaganda. Chini yake kuna barafu ya zamani, ya kijivu, ngumu kama sakafu ya saruji. Kingo za ski zinahitaji kitu cha kuuma. Pale zitakwangua tu ngozi ya juu, halafu zikose pa kushika. Tena barafu imepungua mno tangu Duke wa Abruzzi, mpanda milima wa Italia, alipofika kileleni mwaka 1906, kwa hiyo kingo zake zimebaki wima na miamba iko wazi chini. Ukiteleza, unaishia kwenye mawe.

Nyufa za barafu nazo zipo. Theluji mpya ya usiku mmoja inaziba mdomo wa ufa bila kubeba uzito wa mtu. Ndiyo maana tunafungana kamba, watu watatu, nafasi ya mita 8 hadi 10 kati ya mtu na mtu, kamba isilegee. Aliye peke yake afungane na nani?

Kamba_Tatu: Naongezea upande wa ski, maana huyo mgeni atauliza.

Korongo la nyuzi 45 mtu hulipanda kwanza kwa miguu, mstari uleule atakaoshuka nao, akipima ugumu wa theluji kila hatua. Huko kwao hatari kubwa ni poromoko la theluji, na mengi hutokea kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45. Kile kifaa cha kutoa mawimbi wanachovaa kifuani kinahitaji mwenzako mwenye kifaa kama hicho, fimbo ndefu ya kudungia theluji na koleo la kuifukulia. Aliyefukiwa nafasi yake ya kupona hushuka haraka baada ya dakika 10 au 15. Ukiwa peke yako, kifaa hicho kinasaidia watu kuupata mwili, basi.

Kwetu poromoko si tatizo la kwanza. Tatizo ni kuanguka. Kwenye barafu ngumu ya nyuzi 40 na zaidi, ndani ya sekunde chache mwendo umeshakuwa mkubwa kiasi kwamba shoka la barafu haliwezi kukusimamisha. Wengi pia hufunga kabisa klipu za mbele za ski ili zisifunguke kwenye mteremko mkali. Zisipofunguka, ski inageuka mtaimbo wa kuvunjia goti.

Muulize hili pia: ski zake zina urefu gani? Ya sentimita 175 haigeuki mahali penye upana wa mita moja na nusu, na kati ya miamba njia hubana.

Gambuti_na_Matope: Halafu anayevunjika mguu pale juu hubebwa mabegani hadi Nyakalengija, kupitia matope ya Bigo. Ni kazi ya siku kadhaa. Ukungu ukifunga, na kwa kawaida hufunga kabla ya mchana, hakuna hata wa kumwona alipo.

SafariKasese: Asanteni sana. Akisema basi atatelezea pale Stanley Plateau tu, uwanda wa barafu chini ya kilele, penye mwinamo mdogo?

Kamba_Tatu: Nyufa zipo hapo pia, na huwezi kuteleza vizuri huku umefungwa kamba na watu wanaotembea. Ujue vilevile kwamba ski zikifungwa mgongoni zinapita kichwa, zitanasa kwenye kila tawi la mti na kila ngazi. Mimi ningemwambia hivi: kama anataka korongo la theluji Afrika, aangalie Toubkal ya Moroko, mita 4,167, wakati wa baridi. Hapa aje kupanda.

Badala ya ski alete: buti ngumu za mlima, kramponi (meno ya chuma ya kufunga chini ya buti) za meno 12 zilizojaribiwa kwenye buti hizohizo nyumbani (kwenye gambuti hazikai, zitachomoka), hanesi (mkanda wa kiunoni wa kufungia kamba), helmeti, shoka, miwani ya giza. Kramponi ziwe na kibao cha mpira chini, la sivyo theluji yenye maji itaganda donge kati ya meno na atakuwa anateleza juu ya donge. Likishika, gonga ubavu wa kramponi kwa mpini wa shoka.

Kutoka Elena, mita 4,541, ondokeni saa nane usiku. Saa nne asubuhi muwe mmeshatoka kwenye barafu.

SafariKasese: Buti namba 47, hapa Kasese kuna za kukodi?

Gambuti_na_Matope: Namba hiyo usibahatishe. Aje nazo.